Faustin, Mkanda Wako Nilikuwa Nimeushika Mimi

Bellevue, Johannesburg
Jumapili, mwisho wa mwaka 2019

Faustin, ndugu yangu,

Usinicheke mwandiko. Shule niliishia darasa la saba kule Kigoma, unajua, na tangu nifike nchi hii kalamu naishika getini tu, naandika namba za magari ya watu. Leo nimeishika kwa sababu kesho naenda mahakamani. Kabla hakimu hajanisikia nataka unisikie wewe. Yote nitakayosema unayajua, ulikuwepo. Lakini wewe uliondoka na mimi nikabaki nasema uongo, kwa hiyo niache niseme.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Espe bado anasuka nywele Yeoville, kwenye ile saluni ya chini ya ngazi. Nyumba yetu ndiyo ile ile, vyumba vya mbao, mtu akigeuka kitandani jirani anasikia. Nasikia kila kitu cha kwenu. Nasikia mkeo anavyoongea na wewe usiku. Hapo huwa natoka nje, nasimama uani na baridi mpaka anyamaze, maana kuna maneno anakwambia ambayo mimi sina haki ya kuyasikia.

Binti yako Espe hakuacha maandamano. Wengi tulidhani ataacha. Kila Ijumaa anavaa sare ya shule, anafunga kile kitambaa cha bluu kichwani, anapanda treni kwenda Sandton kusimama mbele ya jengo lile lile. Kovu liko hapa juu ya sikio, nywele hazioti tena. Na bado ni wewe mtupu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimkasirisha anakujibu Kizulu, ila akiwa na huzuni anaongea Kiswahili chenu cha Uvira, chote, kama alizaliwa kule.

Unakumbuka tulivyokuwa tunamtania? Siku ya kwanza ametuambia habari za barafu, tuko uani tunakaanga dagaa. Wewe ulikuwa unasema dagaa wa Kigoma wamekonda kwa sababu wenye akili wote wanavuka ziwa kuja kuliwa Uvira na watu wanaojua kupika, tena si dagaa, ni ndagala. Espe akaja na simu yake. Akasema juu kabisa ya dunia, kule kwenye bahari ya barafu, kuna watu, wako kule tangu zamani za zamani, na barafu inaisha. Na pesa za kutoboa ile bahari kutafuta mafuta zinatoka kwenye lile jengo ambalo baba yake na Tonton Issa, ndivyo anavyoniita mimi, wanalilinda.

Tulicheka. Ulimwambia, "Espe, watu wale hata jokofu hawanunui, una shida gani nao?" Mimi nikaongeza kwamba sisi wenyewe wageni, pemiti zetu za kuishi hapa zinaisha kila mara, sasa tuanze kuombea watu pemiti ya barafu. Mtoto hakukasirika. Alitusubiri tumalize kucheka, eish, yule mtoto ana subira ya mtu mzima.

Halafu akatuonyesha ile video ya rafiki yake wa kule, yule msichana Nuka. Ardhi ya kwao zamani ilikuwa ngumu kama jiwe kwa ajili ya baridi. Sasa imekuwa tope, inamomonyoka kwenda baharini. Kwanza tukaona nyumba imeinama kama mlevi. Baadaye tukaona misalaba. Makaburi yao yalikuwa ukingoni, na ukingo unakatika, jeneza moja limetokeza nusu kama droo iliyosahauliwa wazi.

Wewe ukaacha kugeuza dagaa. Waliungua, tukawala vilevile. Mimi nilijua mawazo yako yamefika wapi. Siku uliyokimbia Uvira baba yako alikuwa amezikwa juzi tu, udongo bado mbichi, hata saruji hujaweka. Baadaye sana ukamwambia Espe, "Waambie hao watu wako, na miye nimesikia." Basi. Kuanzia hapo hukumtania tena. Mimi niliendelea peke yangu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Asubuhi tunabadilisha nguo uliniambia Espe anakuja, shule nyingi zinakuja, Soweto, Yeoville, hata wale watoto wa kizungu wa Sandton wenyewe. Nilikwambia mkataze. Ukanijibu, "Nimukataze na mudomo gani, Issa?" Ukasema utasimama mahali pako, humpigi mtu, na jioni mtarudi wote nyumbani. Ilionekana rahisi ulivyoisema.

Halafu Kepteni akatupanga. Watu wengine hawajui tulivyokuwa tunapangwa, nitamweleza hakimu kesho. Kepteni ndiye bosi wetu wa zamu, alikuwa jeshini zamani, na alitufundisha ule mstari anaouita mnyororo. Mkono wa kulia ngao. Mkono wa kushoto unamshika jirani yako mkanda, nyuma, kiunoni, unauzungusha kiganjani. Mtu akivutwa na umati unamrudisha. Mtu akitaka kutoka mstarini unamrudisha pia. Na mnyororo ukikatika wanafukuzwa wawili, aliyetoka na aliyeachia. Sisi siku zote tulisimama pamoja ili tuongee chini chini Kiswahili chetu. Wewe kushoto kwangu, mkono wangu kwenye mkanda wako.

Siku ile Kepteni hakutegemea sisi peke yetu. Walileta wale vijana wa kukodi, nguo nyeusi, hawana majina kifuani, wana marungu manene kuliko yetu. Tuliwaona wanashuka kwenye basi ukasema, "Hawa hawakuja kulinda mulango."

Watoto walikuja wanaimba. Espe alikuwa mbele na kile kipaza sauti, akasoma madai yao. Nilikuwa nasikia kila neno, Faustin, ingawa nilijifanya sisikii. Wanataka kampuni ya jengo lile iondoe pesa zake, bahari ile isitobolewe. Wanataka watu wa kule waulizwe kabla mtu hajagusa kwao, na wakisema hapana iwe hapana. Na vile vijiji vinavyobomoka, wanaovuna mafuta walipe kuvihamisha, watu wahame pamoja na wazee wao na makaburi yao, wasitawanywe kila mtu kivyake. Hapo sauti yake ikakwama kidogo. Nilikuona umenyoosha shingo. Ulikuwa unajivuna, bwana. Ndani ya helmeti ile mbaya ulikuwa unajivuna.

Wakakaa chini mlangoni. Kepteni akatupigia kelele tusukume. Tukasukuma. Nataka niseme ukweli, wewe hukumgusa mtu, uliinua ngao tu. Mimi nilipiga. Kijana mmoja wa shule, tai yake imepinda, alishika ukingo wa ngao yangu nikampiga nayo usoni. Meno yake niliyasikia. Binti mmoja nikamkanyaga mkono kwa buti, nikaongeza uzito. Sikuwa na sababu. Nilikuwa na hofu tu, na hofu yangu ilikuwa na buti na chuma. Miezi ile wageni tulikuwa tunakimbizwa mitaani, maduka yanachomwa, kila siku tunaenda kazini tunapita ukutani kama panya. Na hawa watoto wamekaa chini mchana kweupe wanadai vitu, tena vya watu wa mbali, bila kuogopa mtu. Niliwachukia kwa hilo. Sijawahi kumwambia mtu.

Ndipo wale wa nguo nyeusi wakaingia. Hawakusukuma, walivunja. Mlio wa rungu kwenye mfupa si kama wanavyodhani watu, hauna kishindo, unalia kama mtu amevunja karoti. Watoto walikuwa wanalia kwa lugha zote. Kijana mmoja alitapika damu juu ya lile bango lao lenye picha ya dubu mweupe. Na mmoja wa wale watu akamshika Espe nywele, zile nywele mama yake alizomsuka wiki ile ile, akamburuta kwenye ngazi, kichwa kinagonga, ngazi hadi ngazi.

Ukasema, "Njo mutoto wangu ule," yaani ndiye mtoto wangu yule. Hukupiga kelele. Ulisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake. Ukadondosha ngao, ukaenda.

Na mimi nikavuta.

Ulidhani umekwama. Ukageuka ukaona ni mimi. Ukasema, "Issa, niache." Nikauzungusha mkanda mara nyingine kiganjani. Nikakwambia tutafukuzwa. Ndiyo maneno niliyokwambia, Faustin. Mtoto wako anaburutwa nywele na mimi nakwambia tutafukuzwa. Ukanivuta, mstari mzima ukayumba, nikachimbia buti chini kama mtu anayezuia ng'ombe. Ukasema tena, niache, Issa, na safari hii uliniomba. Hujawahi kuniomba kitu maishani.

Mwingine wa wale wa nguo nyeusi akaona mlinzi ametupa ngao anataka kutoka mstarini. Alikuja mbio. Ulimwona, nilihisi mwili wako unataka kurudi nyuma. Ungeruka pembeni rungu lake lingekukosa, ulikuwa mwepesi, tukicheza mpira uani hakuna aliyekugusa. Lakini ulikuwa umefungwa na mimi. Rungu likaingia chini ya helmeti, hapa shingoni. Ukaning'inia kwenye mkono wangu. Akapiga tena ukiwa unaning'inia. Uzito wako wote ulikuwa kwenye vidole vyangu na bado sikuachia. Vidole havikutaka. Kepteni ndiye aliyekuja kunibandua.

Hayo ndiyo. Nimeyaandika.

Kilichofuata hukukiona. Mtoto mmoja alipiga picha kwa simu. Kwenye picha mimi nimepiga magoti, wewe umelala mapajani, mkono wangu umeushika mkanda wako. Ikazunguka kote. Watu wakasema, tazama, mlinzi hakumwachia rafiki yake mpaka mwisho. Yule aliyekupiga hakupatikana, hawana majina kifuani. Kampuni yetu ya ulinzi ikanipandisha cheo. Kepteni akaniita ofisini akanifundisha cha kusema: msukosuko, uliteleza, ukagonga kichwa kwenye ngazi. Akaniuliza kama pemiti yangu iko sawa. Nikamwambia uliteleza, na nikasema vizuri kuliko alivyonifundisha.

Na matanga. Mungu wangu, yale matanga. Uani palijaa, Wakongo, Warundi, Watanzania, hata watoto wale wa shule walikuja na plasta usoni. Mimi sikuijua vizuri desturi yenu. Kabla ya kwenda kuzika, mkubwa wa ukoo akasimama akauliza nani alikuwa na marehemu mwisho, asimame aeleze kifo chake, maana mtu hazikwi kifo chake hakijasemwa. Wote wakanigeukia. Kulikuwa na mlango wa kuutoka uongo pale, Faustin. Mbele ya jeneza lako, niliulizwa waziwazi. Nikasimama, nikaeleza ulivyoteleza. Nikaeleza nilivyokushika usianguke. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo ubaya wake. Wakanipa udongo niwe wa kwanza kutupa. Mbele ya ndugu zako wa damu.

Kwa hiyo umezikwa na kifo ambacho si chako.

Yule kijana niliyempiga ngao usoni alikuwepo matangani. Alinitazama sana. Akapita. Labda hakunijua bila helmeti, labda alinijua akakuheshimu wewe.

Nuka naye alituma sauti. Espe alitusikilizisha uani. Alisema kule kwao wamekaa mkutano wakalitaja jina lako pamoja na majina ya wazee wao, wanakuita Fostini. Mama Espe akatabasamu, mara ya kwanza. Mimi nikaingia ndani.

Sasa hakimu amefungua uchunguzi wa kifo chako. Kampuni imeniita niseme uliteleza. Na mwanasheria wa watoto ameniita pia, yeye ana ushahidi kwamba ulipigwa, anataka mimi nieleze nilivyojaribu kukuokoa. Unaona? Huku wananitaka niseme uongo wao, kule wananitaka niseme uongo wangu. Nilikuwa nimeamua niseme wa kule. Nilijiambia ni uongo mzuri, utawasaidia watoto, utaitia aibu kampuni, na mimi nitabaki rafiki. Ningeusema kabisa.

Lakini Alhamisi jioni Espe alinikuta bombani, nakinga maji. Akaniambia usingizi hapati, akifunga macho anaona unakuja kwake halafu unasimama. Anasema, "Tonton, kwa nini Papa alisimama? Alikuwa anakuja, nilimwona. Aliogopa?"

Alikuwa ameyabeba hayo miezi yote. Kwamba baba yake alianza kuja akaogopa.

Ndoo ilikuwa imejaa inamwagika miguuni. Nikamwambia hukuogopa. Nikamwambia ni mimi. Nilimwambia yote, mkanda, maneno niliyokwambia, ulivyoniomba. Kwa Kiswahili, taratibu, ili asikose hata neno moja.

Aliinua ile ndoo akanipiga nayo. Ya bati, unaijua, ya mkono wa waya. Maji yakamwagika yote juu yangu, halafu chuma. Nilipiga magoti. Akapiga mdomo, akapiga bega, akapiga huu mkono wa kushoto nilioweka chini kwenye saruji makusudi ili aufikie. Vidole viwili vimevunjika, andiko hili ni la mkono wa kulia, usihangaike. Wapangaji walitoka na mishumaa, maana umeme ulikuwa umekatwa, wakasimama tu. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa anapiga na kuhema kama mtu anayepasua kuni.

Mama Espe ndiye aliyekuja. Alikuwa mlangoni, amesikia yote, nyumba yetu si unaijua. Akaishika ndoo. Akamwambia mwanao, "Mwache, Espe. Akivimba mudomo, Jumatatu atasemaje?"

Halafu akaniuliza mimi, hata hakuinama, "Utasema?"

Nikasema nitasema.

Akamchukua mtoto wakaingia. Usiku ule kwa mara ya kwanza Espe alilala. Niliusikiliza ukuta mpaka asubuhi, hakushtuka hata mara moja.

Basi, Faustin. Nguo za kazi nimeshazikunja, kesho baada ya mahakama sitazihitaji. Kepteni amepiga simu tangu jana, sijapokea. Pemiti sijui. Kufungwa sijui. Sikuombi msamaha kwenye barua, ningekuwa nakulazimisha tena usimame mahali ulipo unisubiri.

Nimeomba mkalimani. Miaka yote nimeficha Kiswahili kwenye nchi hii, kazini, kwenye taksi, mbele ya robot, zile taa za barabarani, nisijulikane natoka wapi. Kesho nitasema kwa Kiswahili, hakimu ndiye atafsiriwe. Mama Espe atakuwa kiti cha mbele, sitaki asubiri mtu mwingine ampe kifo chako vipande vipande kwa lugha ya wengine. Nitaanza na yule mtoto wa tai iliyopinda, jina lake nimeshalitafuta. Nitafika kwenye ngazi. Nitasema ulikuwa unaenda kwa mtoto wako, na kwamba hakuna kilichokuzuia duniani isipokuwa mimi.

Nakuahidi nitasimama, na sitakaa mpaka nimefika mwisho. Lala, ndugu yangu. Kesho tunakuzika tena, safari hii na kifo chako mwenyewe.

Wako,
Issa